Preseti nilizopakua: nyingine hazionekani Lightroom, zinazoonekana zinaigeuza ngozi kuwa kijivu

RehemaPicha

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, nimekwama na nina picha ambazo wenyewe wanazisubiri.

Natumia Lightroom Classic, programu ya kuhariri picha, kwenye kompyuta ya Windows. Nimepakua kifurushi cha preseti (mipangilio ya rangi iliyoandaliwa tayari) cha mpigapicha mmoja ambaye rangi zake nazipenda mno: kahawia iliyokolea, kijani kilichotulia, vivuli vyenye ujotojoto. Kimekuja kama faili moja la zip. Ndani yake kuna folda ya XMP, ya LRTEMPLATE, ya DNG, ya LUT yenye mafaili ya .cube, na nyingine inaitwa __MACOSX ambayo sielewi kazi yake. Kuna pia PDF ya maelekezo, lakini picha zilizomo zinaonyesha Lightroom isiyofanana na hii yangu.

Maelekezo yanasema ninakili mafaili kwenye folda fulani iliyo ndani ya AppData. AppData yenyewe siioni. Nikaamua kutumia "Import Presets" na kuchagua kila kitu. Baadhi zimeingia, nyingine programu imezikataa. Zilizoingia zimetawanyika, hakuna kundi lenye jina la kifurushi, na kadhaa zimefifia na kuandikwa kwa herufi za mlazo.

Hilo naweza kulivumilia. Linaloniumiza ni matokeo. Picha ni za mahafali, zimepigwa ndani ya ukumbi wenye taa za njano, zote JPEG. Kila preseti ninayobofya, nyuso zinakosa uhai. Wahitimu wana ngozi nyeusi nzuri, lakini preseti ikishapita inakuwa ya kijivu, kama imepakwa majivu, na kuta zinakolea rangi ya chungwa. Kwenye picha za mfano za mwenye kifurushi sioni kitu cha namna hiyo.

Je, nimesakinisha vibaya, preseti ni mbovu, au kuna hatua naruka? Na je, naweza kuzitumia kwenye simu pia?

KameraMbili

Dada, anza kwa kufuta hiyo __MACOSX. Zip ilitengenezwa kwenye Mac, na Mac huongeza folda hiyo yenye mafaili madogo ambayo majina yake yanaanza na nukta na mstari wa chini, kwa mfano "._Kahawia 01.xmp". Yana jina la preseti lakini ndani hamna preseti. Naamini hayo ndiyo mengi kati ya yaliyokataliwa.

Kingine, ukipakua kifurushi chochote, kwanza iambie Windows ikuonyeshe viendelezi vya majina ya mafaili: fungua File Explorer, nenda "View", weka tiki kwenye "File name extensions". Preseti ya Lightroom ni .xmp, .lrtemplate au .dng. Ukikuta faili la .exe linajiita preseti, futa zip nzima bila kulibofya. Preseti haina haja ya programu ya kuisakinisha.

Kuhusu ngozi, mwenye kifurushi alizitengeneza kwa picha za RAW (ghafi, kamera haijazichakata) au JPEG (kamera imeshazichakata)? Na kwa mwanga gani?

RehemaPicha

Asante mkuu, __MACOSX nimeifuta. Kwenye PDF anasema alizitengeneza kwa RAW, picha za nje, mwanga wa jua la jioni. Zangu ni JPEG tupu, kamera ilipangwa hivyo siku ile.

ChumbaChaGiza

Rehema, pole na kazi, na umeeleza vizuri mno. Usakinishaji tuumalize upesi ili tupate muda wa kukaa kwenye ngozi, maana hapo ndipo mtu anapoachwa peke yake na kifurushi alichokipakua.

Folda za XMP na LRTEMPLATE zina preseti zilezile katika miundo miwili. LRTEMPLATE ni muundo wa zamani, Lightroom ilikuwa nao kuanzia miaka yake ya mwanzo (ilitoka 2007) hadi Aprili 2018, toleo la 7.3 la Classic lilipohamia kwenye XMP ili preseti moja ifanye kazi Lightroom na pia Camera Raw ndani ya Photoshop. Bila shaka PDF yako iliandikwa kabla ya hapo, ndiyo maana inazungumzia mambo usiyoyaona. Ukiingiza folda zote mbili unapata kila preseti mara mbili. Chukua XMP, nyingine iache.

Toa kwanza mafaili kwenye zip: bofya kulia, "Extract All". Kisha ingia moduli ya Develop, kwenye paneli ya Presets upande wa kushoto bofya alama ya kujumlisha, chagua "Import Presets", nenda kwenye folda ya XMP, chagua yote. Basi. Huna haja ya AppData. Ukitaka tu kujua zinapokaa, fungua Preferences, kichupo cha Presets, bofya "Show Lightroom Develop Presets", na folda itafunguka yenyewe hata kama Windows imeificha. Ukiwa hapohapo angalia kama kuna tiki kwenye "Store presets with this catalog". Tiki hiyo ikiwapo, Lightroom inasoma preseti zilizo karibu na katalogi yako (faili ambamo inaweka kumbukumbu za picha zako), wala haiangalii zile za AppData, na mtu anaweza kunakili mafaili siku nzima asione hata moja. Ukinakili kwa mkono, kumbuka pia kuifunga Lightroom na kuifungua upya.

Kutawanyika: jina la kundi halitokani na jina la folda. Limeandikwa ndani ya kila faili la XMP. Mtengenezaji akiliacha wazi, preseti inaangukia kwenye kundi la "User Presets", na akiwa amechanganya majina, kifurushi kimoja kinagawanyika makundi mengi. Ziburute uzipange utakavyo.

Zile zilizofifia kwa herufi za mlazo hazijaharibika. Lightroom inakuambia kwamba sehemu ya yaliyomo haiwezi kutumika kwa picha uliyoifungua sasa hivi. Kwa kawaida sababu ni profaili, yaani msingi wa rangi ambao picha inaanzia: preseti inaita profaili ya RAW, nawe umefungua JPEG. Fungua picha ya RAW halafu angalia jina lilelile, litakuwa limesimama wima.

Sasa tuje kwenye ngozi.

Chukua XMP moja, bofya kulia, ifungue kwa Notepad. Usiogope, ni maandishi matupu. Utakuta mistari ya namna hii:

crs:Temperature="5400"
crs:Exposure2012="+0.60"
crs:SaturationAdjustmentOrange="-28"
crs:LuminanceAdjustmentOrange="+22"

Namba zangu ni za mfano, tafuta za kwako. Hiyo ndiyo preseti nzima. Ni orodha ya mahali ambapo mtu mmoja aliziacha slaida zake alipokuwa akitazama picha yake. Haijui picha yako ina nani, wala ukumbi wako una taa gani. Na jambo ambalo maelekezo mengi hayalitaji: preseti haiongezi juu ya ulichofanya, inafuta na kuandika namba yake. Ukiwa umeshusha mwangaza hadi -0.30 kisha ukabofya preseti yenye +0.60, picha haiendi +0.30, inaenda +0.60. Kazi yako imepotea. Na ukibofya preseti ya pili baada ya ya kwanza, ile ya pili inaandika tu pale ilipo na namba. Pengine pote panabaki mabaki ya ile ya kwanza. Ndiyo maana ukijaribu preseti moja baada ya nyingine rangi zinazidi kuchanganyikiwa. Kati ya moja na nyingine bofya "Reset", au fanya nakala pepe (toleo la pili la picha ileile bila kunakili faili) kwa Ctrl na alama ya ' ujaribie humo.

Ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi, kwenye programu hizi karibu yote inaangukia kwenye rangi ya chungwa, na kidogo nyekundu na njano. Kinachotofautisha watu ni wingi wa mwanga na ukolezi. Mtengenezaji aliyepiga watu weupe wanaoonekana wekundu au manjano kupita kiasi, anafanya mambo mawili: anashusha ukolezi wa chungwa ili wekundu utulie, na anapandisha mwanga wa chungwa ili uso uonekane msafi. Kwa watu wake inapendeza. Kwa ngozi nyeusi ni kinyume kabisa, kwa sababu uzuri wake kwenye picha unatokana na giza lenye rangi nyingi ndani yake na mng'ao mkali juu ya paji la uso na mashavu. Ukiondoa rangi huku ukipandisha mwanga, kinachobaki ni kijivu.

Halafu kuna mkunjo wa mwanga na giza. Angalia Tone Curve baada ya kubofya preseti. Kama ncha ya kushoto imeinuliwa, nyeusi kabisa imegeuzwa kijivu kizito, ule muonekano wa picha za filamu zilizofifia. Ngozi nyeusi inakaa upande wa kushoto wa histogramu (mchoro wa mwanga wa picha, giza likiwa kushoto), kwa hiyo kuinuliwa huko kunaiangukia yenyewe. Kwa mtu mweupe kunaangukia nywele na koti.

Jambo hili halikuanza na preseti. Enzi za filamu, maabara zilirekebisha rangi za machapisho kwa kulinganisha na kadi za mfano zilizojulikana kama kadi za Shirley, ambazo Kodak ilizisambaza, na kwa miaka mingi aliyekuwa kwenye kadi alikuwa mwanamke mweupe. Watu weusi walitoka vibaya kwenye picha za shule na za familia, wakaambiwa ndivyo picha zilivyo. Nalisema hili kwa sababu sitaki umtazame mhitimu wako akiwa wa kijivu kisha udhani tatizo ni ngozi yake.

Kwa hiyo kwenye Color Mixer, chagua Orange, rudisha Saturation (ukolezi) kwenye sifuri, kisha Luminance (mwanga) irudishe sifuri au hata chini yake, -5 hadi -10. Tazama uso, usitazame namba. Ukishaona mtu amerudi, shusha ncha ya kushoto ya mkunjo hadi kwenye kona. Rangi ya kijani na kahawia uliyoipenda haitaondoka, hiyo imekaa kwenye slaida nyingine.

Fungua faili lako uniambie umekuta nini.

RehemaPicha

Mkuu, sikujua kama faili lenyewe linafunguka. Kwenye ile ninayoipenda zaidi nimekuta Temperature 5650, Exposure +0.45, ukolezi wa chungwa -35 na mwanga wa chungwa +30. Mkunjo umeinuliwa kama ulivyosema. Nimerudisha chungwa kwenye sifuri na nyuso zimerudi, nimefurahi sana.

Lakini kuta bado zimekolea, na mavazi meupe ya wahitimu ni ya manjano. Tena nikiinua vivuli, kwenye mavazi meusi yanatokea mabaka na chengachenga.

ChumbaChaGiza

Kuta na mavazi ni habari ya taa, na chengachenga ni habari ya JPEG.

Balbu za njano za kawaida zina joto la rangi la karibu kelvini 2700 hadi 3200, jua la mchana ni karibu 5500. Kwenye RAW, slaida ya Temp inaonyesha kelvini halisi, kuanzia 2000 hadi 50000, kwa sababu uamuzi wa rangi bado haujafanywa. Kwenye JPEG kamera imeshaamua na kuzichanganya rangi ndani ya picha, kwa hiyo slaida inaonyesha -100 hadi +100 tu. Ule mstari wa Temperature 5650 kwa JPEG hauna pa kushika. Kwa hiyo unjano wa ukumbi umebaki ulivyo, na juu yake preseti imemwaga joto jingine kupitia Color Grading na Vibrance, slaida za kutia na kukoleza rangi. Ndiyo chungwa unayoiona ukutani.

Bonyeza W upate kidondoo cha White Balance, yaani cha kusahihisha rangi ya taa, gusa sehemu iliyo nyeupe au kijivu kweli, kama kola ya shati au karatasi ya cheti, iliyoangazwa na taa ileile iliyoangaza nyuso. Usiguse kitambaa kilicho dirishani. Kama hakuna cheupe cha kuaminika, shusha Temp kwa mkono hadi meno na weupe wa macho vipumzike, kisha simama. Usiondoe joto lote, ukumbi ulikuwa na taa za njano na walioshiriki wanaukumbuka hivyo.

Kuhusu chengachenga: JPEG ina biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Preseti iliyotengenezwa kwa RAW inavuta vivuli kwa nguvu kwa sababu kule kuna kitu cha kuvuta. Kwenye JPEG unavuta ngazi chache zilizobaki gizani, nazo zinaachana na kuonyesha mabaka. Acha mavazi meusi yawe meusi. Shadows usiivushe +20, na mara nyingine hata hizo ni nyingi.

Sasa tengeneza toleo lako, usirudie kazi hii kwa kila picha. Ukiwa na picha moja iliyokaa sawa, bofya alama ya kujumlisha, "Create Preset", ipe jina lako mwenyewe. Ondoa tiki kwenye "White Balance", kwenye "Exposure" na kwenye "Treatment & Profile". Weka tiki kwenye "Support Amount Slider". Kuanzia hapo, sahihisha kwanza mwangaza na taa kwa kila kundi la picha zilizopigwa sehemu moja, ndipo ubofye preseti yako, nayo haitagusa ulichosahihisha.

Hiyo slaida ya Amount ilikuja Juni 2022 na naipenda kuliko mambo mengi waliyoongeza. Inakaa juu ya paneli ya Presets, inaenda kutoka 0 hadi 200, na 100 ni preseti ilivyo. Kwa watu, mimi huwa naanzia 50 na kupanda polepole. Kwa preseti za zamani inaweza kukataa kusogea kwa sababu faili halikuandikwa kuikubali. Toleo utakalohifadhi wewe litaikubali.

Na kama kwenye picha moja wapo watu wa rangi tofauti za ngozi, usitafute namba moja ya chungwa itakayowafaa wote. Fungua Masking, chagua "Select People", mchague mtu, kisha "Face Skin" na "Body Skin", umrekebishe yeye peke yake. Kipengele hicho kipo tangu Oktoba 2022. Ni kazi ya ziada, ndiyo. Lakini mhitimu akiipokea picha ataitazama miaka mingi, na atajitazama yeye kabla ya kitu kingine chochote.

MwangaHuru

Natoa mchango kwa wasiotumia Lightroom, maana swali hili linarudi mara kwa mara. Mimi natumia darktable, programu nyingine ya kuhariri picha, ni ya bure. Msijisumbue kuingiza preseti za XMP za Lightroom humo mkitegemea rangi zilezile. Hata slaida zikiwa na majina yanayofanana, hesabu zilizo nyuma yake si zilezile. darktable ina mitindo yake, mafaili ya .dtstyle, yanaingizwa kwenye moduli ya "styles" ukiwa lighttable, sehemu ya kupangia picha. RawTherapee nayo ina .pp3, na Capture One ina .costyle.

Kinachovuka mipaka ya programu ni zile .cube. LUT ni jedwali tu: rangi hii ikiingia, itoke ile. La kawaida lina pointi 33 kwa kila upande, yaani 33 × 33 × 33, jumla 35,937, na zilizo katikati zinakadiriwa. Kwenye darktable kuna moduli ya "lut 3D", ila lazima kwanza uende kwenye mapendeleo uweke folda ambamo LUT zako zinakaa, na mafaili yawe ndani ya folda hiyo, la sivyo hazitafunguka. Kwenye Photoshop ni tabaka la "Color Lookup", unachagua "Load 3D LUT".

RehemaPicha

Asante MwangaHuru. Kwa hiyo hizi .cube kwenye Lightroom Classic siwezi kuziingiza moja kwa moja? Nilijaribu, zimekataliwa.

MwangaHuru

Moja kwa moja, hapana. Waulize wenye Photoshop.

ChumbaChaGiza

Njia ipo, inapitia Camera Raw. Fungua picha kwenye Camera Raw ndani ya Photoshop, nenda sehemu ya Presets, shikilia Alt huku ukibofya kitufe cha kutengeneza preseti mpya. Badala ya dirisha la preseti litafunguka la profaili. Humo kuna "Color Lookup Table", weka tiki, chagua faili la .cube, hifadhi. Ukifungua upya Lightroom utaikuta kwenye Profile Browser, ikiwa na slaida yake ya nguvu.

Tofauti moja ya maana: LUT hairekebishiki kwa vipande. Preseti ikikuharibia chungwa, unarudisha slaida ya chungwa. LUT ikikuharibia, huna slaida ya kurudisha. Unapunguza nguvu yake yote au unatafuta nyingine. Kwa nyuso za watu nachagua preseti.

RehemaPicha

Nimetengeneza toleo langu kama ulivyoelekeza, bila White Balance na bila Exposure. Nimerekebisha taa kwa picha za jukwaani kwanza, kisha za kwenye viti, kisha nikaweka preseti kwenye 60. Ngozi zimetulia, kahawia ile ile niliyoitaka ipo kwenye mbao za ukumbi na kwenye mapazia. Picha moja ina mwalimu mweupe katikati ya wahitimu wawili weusi, huyo nimemshughulikia peke yake kwa Select People.

Limebaki la simu. Nilidhani preseti za Classic zingejipeleka zenyewe.

KameraMbili

Hapana dada, Classic haipeleki preseti kwenye wingu, hata kama picha zinaenda. Njia ni mbili.

Kama una ile Lightroom nyingine ya kompyuta, isiyo Classic, ingiza XMP zako humo na ukiwa na akaunti ileile zitatokea kwenye simu. Kama huna, hamishia XMP kwenye simu, fungua picha yoyote kwenye Lightroom ya simu, gusa Presets, kisha Yours, vidoti vitatu, "Import Presets". Peleka zile zako ulizorekebisha, si za kifurushi, usije ukaanza upya habari ya majivu.

Hiyo folda ya DNG iliwekwa kwa ajili ya simu. Kila DNG ni picha iliyobeba marekebisho ndani yake. Unaiingiza, unaifungua, unagusa vidoti vitatu, "Create Preset", unaihifadhi. Ni njia ya mzunguko lakini inafanya kazi, na hapohapo unaweza kuondoa tiki kwenye mwangaza na taa.

RehemaPicha

Nitapeleka XMP zangu. Zinapatikana wapi sasa, maana hizi sikuzipakua, nimezitengeneza ndani ya Lightroom?

KameraMbili

Bofya kulia juu ya preseti, "Show in Explorer", utalikuta faili lake. Ukizitaka zote kwa pamoja, bofya kulia juu ya jina la kundi, "Export Group", zitatoka kama zip moja. Hiyo zip iweke pia kwenye diski ya nje kabla ya kufanya kitu kingine. Kifurushi cha kupakua unaweza kukipata tena, hizi za kwako hazipo popote pengine.